Kuihesabu Nafsi Katika Elimu na Kazi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya vijana na wazazi wao katika mkutano wa elimu)



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mtu hudhani analijua vema, nalo ni nafsi yake mwenyewe. Mwenye duka hufunga hesabu kila jioni: ameuza nini, amebakiwa na nini, nani anamdai na nani anadaiwa naye. Asiyefunga hesabu, duka humfia mikononi naye akalaumu husuda ya jirani. Lakini mtu huyohuyo aweza kusoma shule ya msingi, akamaliza sekondari na chuo, kisha akafanya kazi miaka ishirini, bila kukaa hata jioni moja akajiuliza: naweza nini, siwezi nini, na mwaka huu nimeongeza nini juu ya ule uliopita?

Wanazuoni wa kale waliliita jambo hili muhasaba. Harith bin Asad, aliyezaliwa Basra na kufariki Baghdad mwaka 857, alilishughulikia mno hata akajulikana kwa jina la Al-Muhasibi, yaani mwenye kuihesabu nafsi yake. Mawaidha mengi juu ya muhasaba huishia katika dhambi na makosa. Ni haki yawe hivyo, wala hatutaki kupunguza uzito wake. Lakini mwenye duka akiandika madeni tu, asiandike mali iliyomo rafuni, daftari lake litampotosha hata kama kila tarakimu ndani yake ni sahihi. Kipaji ni amana, na amana usiyojua kuwa unayo huwezi kuitunza wala kuirudisha.

Tunasema haya kwa sababu kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne yakitoka, tunayaona yaleyale. Kijana ana siku chache za kuchagua tahasusi. Nyumbani neno udaktari limekwisha kutamkwa tangu hajaota meno. Anajaza PCB, na hakuna aliyemwuliza kama anapenda kukaa na mgonjwa, au kama damu humtia kizunguzungu. Mwingine amepata alama nzuri za historia na Kiswahili, naye anaona haya kuzitaja mbele ya wajomba zake. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi nyingi mpya, na hilo ni jema, ila milango ikizidi na mtu hajijui, kinachozidi ni mahali pa kupotelea.

Hebu tumtazame mtu mmoja ambaye habari zake zimeandikwa sana, naye ni Profesa Abdus Salam. Alizaliwa mwaka 1926, akakulia katika mji mdogo wa Jhang, Punjab. Akiwa na miaka 14 alifanya mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Punjab na kupata alama ambazo hazijawahi kufikiwa na mtu kabla yake. Mwaka 1946 alipata msaada wa masomo, akaenda Chuo cha St John's, Cambridge. Huko alipata daraja la kwanza katika hisabati na vilevile katika fizikia.

Hapa ndipo pana fundisho ambalo wasimulizi wengi hulipita mbio ili wafike kwenye tuzo. Mwanafunzi bora wa fizikia pale Cambridge alitarajiwa kuingia katika maabara ya Cavendish, maabara yenye sifa dunia nzima, na kufanya majaribio. Salam aliingia. Hakuchukua muda akatambua kwamba kazi ile hakuumbiwa. Majaribio yanataka mtu mwenye subira na vyombo, awezaye kukaa siku nyingi akikifunga na kukifungua kifaa kisichotii. Yeye alikuwa na haraka ya fikra, na vyombo havikumsikia. Alikiri jambo hilo waziwazi maishani mwake, bila kulionea haya. Akaiacha maabara, akaenda kwa Nicholas Kemmer aliyesimamia fizikia ya nadharia, naye akamwelekeza kwa kijana mwenzake, Paul Matthews, aliyekuwa anakaribia kumaliza masomo yake. Matthews alikuwa anakwenda mapumzikoni. Akamwachia tatizo gumu kwa miezi michache tu. Muda huo haujaisha, Salam akawa amelitatua, na jina lake likaanza kujulikana.

Ndugu zangu, tuangalie vema alichokifanya. Hakusema, "Mimi ni dhaifu katika fizikia." Angesema hivyo angejidhulumu. Wala hakusema, "Nitakazana hapahapa maabara mpaka nife, kwa kuwa ndipo penye heshima." Alipambanua kati ya elimu anayoiweza na namna ya kuifanya asiyoiweza. Vijana wengi hushindwa katika kupambanua huku. Akifeli kemia ya vitendo huitupa sayansi yote. Akiona haya kusimama mbele ya watu hudhani hawezi ualimu, na kumbe angekuwa mwandishi bora wa vitabu vya shule.

Mwaka 1951 Salam alirudi nyumbani, akawa profesa katika Chuo cha Serikali cha Lahore. Mkuu wa chuo alimtaka achague kazi ya ziada: kusimamia bweni, kushika hesabu za fedha, au kuongoza timu ya mpira. Akachagua mpira. Watu huicheka habari hii, nasi tuliposikia mara ya kwanza tulicheka, lakini undani wake unahuzunisha. Majarida mapya ya sayansi hayakumfikia, na hapakuwa na mtu karibu wa kujadiliana naye. Alijihesabu akaona kwamba akibaki, baada ya miaka michache atakuwa mwalimu anayefundisha yaliyokwisha kupitwa. Mwaka 1954 aliondoka kurudi Cambridge, na mwaka 1957 akawa profesa katika Chuo cha Imperial, London. Zilikuwako pia sababu nyingine za kuondoka kwake, nazo ni chungu, ila leo tunaizungumzia hii ya elimu.

Je, alifanya sawa kuiacha nchi yake? Wapo wanaosema hapana. Sisi tunaona jibu limo katika alichokifanya baadaye, maana hakuyasahau machungu yale. Mwaka 1964 alianzisha kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia huko Trieste, Italia, na humo akaweka utaratibu wa washirika: mwanasayansi wa nchi maskini anakwenda kwa miezi kadhaa, anasoma, anajadiliana na wenzake, kisha anarudi kwao kufundisha, na baada ya muda anakwenda tena. Kwa njia hiyo mtu hakulazimika kuchagua kati ya elimu yake na nchi yake, kama Salam alivyolazimika. Kituo hicho sasa kina jina lake, na tangu mwaka 2018 kina tawi shirika mjini Kigali, Rwanda, linalowahudumia vijana wa Afrika Mashariki. Ni umbali wa safari ya basi kutoka kwetu!

Tuongeze jambo moja juu ya mtu huyu, kwa kuwa wakubwa pia wamo humu ukumbini. Mwaka 1956 Salam alipata wazo jipya juu ya chembe ndogo iitwayo nyutrino. Alilipeleka kwa Wolfgang Pauli, mmoja wa wakubwa kabisa wa fizikia wakati ule, naye akamjibu kwamba atafute kitu bora zaidi cha kufikiria. Salam akasita kulichapisha. Mapema mwaka 1957 majaribio yakaonyesha kwamba wazo lake lilikuwa katika njia sahihi, na Pauli mwenyewe akakiri. Kwa hiyo wazee tunaombwa ushauri, na ni haki yetu kuutoa, lakini neno letu moja laweza kumchelewesha kijana. Yeye naye ajue kuwa adabu kwa mkubwa haimzuii kuuliza mara ya pili na kuleta ushahidi wake. Tuzo ya Nobel alikuja kuipata mwaka 1979, pamoja na Glashow na Weinberg, kwa kazi nyingine iliyounganisha nguvu ya sumakuumeme na nguvu dhaifu ya kiini cha atomu.

Huenda mtu akasema, huyo ni wa Cambridge, mimi ni karani wa Tanga. Basi alikuwako karani wa Tanga. Shaaban Robert aliajiriwa katika idara ya forodha mwaka 1926, akaitumikia hadi 1944, kisha akahudumu katika ofisi nyingine za serikali. Riziki yake ilikuwa ukarani. Alijua kipaji chake kiko katika lugha, akakifanyia kazi miaka yote hiyo bila kuingoja ajira impe ruhusa. Kitabu chake cha Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ni hesabu ya nafsi iliyoandikwa kwa Kiswahili safi, na tunawasihi vijana wakisome.

Sasa tuje kwa wenzetu walio kazini. Mwalimu anajua kwamba chini ya andalio la somo pana nafasi ya tathmini na maoni. Katika maandalio mengi utakuta maneno mawili tu, "Somo limeeleweka," Jumatatu hadi Ijumaa, Januari hadi Novemba. Watumishi wa umma nao walikuwa na fomu ya mapitio ya utendaji kazi iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo sasa imeupisha mfumo wa kompyuta. Nayo iliwataka watumishi wakubaliane na msimamizi malengo ya mwaka, kisha wajipime. Wengi waliijaza siku moja kabla ya kuirejesha. Hatusemi haya kwa kuwasuta. Fomu hujazwa kwa ajili ya bosi, na mtu mbele ya bosi hujipamba. Ndiyo maana tunapendekeza daftari ambalo bosi hataliona.

Daftari hilo liwe dogo. Kila Alhamisi baada ya sala ya Isha, andika ni kazi gani wiki hii ilikupitishia saa bila kujua. Watu walikujia kukuuliza kitu gani, kwa kuwa mara nyingi wengine huona kipaji chetu kabla yetu. Na ni kazi gani uliikwepa, na kwa nini. Usiandike sifa kama "mimi ni mchapakazi". Andika tendo: nimemfundisha mdogo wangu sehemu akaelewa, nimerekebisha hesabu za chama zilizowashinda wengine, nimeahirisha barua ya Kiingereza mara tatu. Mistari mitano inatosha. Baada ya miezi mitatu soma yote kwa mfululizo. Kinachojirudia katika uwezo, kitafutie mafunzo zaidi na kazi inayokifaa. Kinachojirudia katika kukwepa, amua kama ni cha kujifunza au cha kumwachia mwenye nacho. Barua ya Kiingereza, kwa mfano, hujifunzwa.

Walio na fomu za kuchagua tahasusi tutakaa nao hapahapa baada ya sala ya Alasiri. Kijana aje na matokeo yake na karatasi tupu. Mzazi pia aje, ila kwa nusu saa ya kwanza tunamwomba asikilize tu.