Wageni wa Watu wa Msituni

Mazungumzo ya redio. Somo: Luka 10:1–9

 

Somo letu lajulikana. Bwana aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili, bila mfuko wala mkoba, akawaagiza kwamba wakikaribishwa nyumbani mwa mtu wakae humo humo, wale watakachoandaliwa, wala wasihamehame wakitafuta meza iliyo bora. Hapo ndipo alipotaja habari ya ujira wa mfanya kazi. Sisi wachungaji twaipenda sana sehemu hiyo. Katika chuo cha theolojia tunakofundisha hakuna mwanafunzi asiyeweza kuitaja sura na aya yake, hata yule ambaye husahau majina ya manabii wadogo. Lakini leo twaomba tuisome tukiwa upande wa pili, upande wa mgeni aliyelala kwa watu, na asubuhi akaletewa hesabu.

Mwezi wa Agosti 2024, washirika kumi na wanne wa kanisa letu tulifunga safari kutoka Dagoretti Corner kwenda msitu wa Kakamega. Tulikuwamo wazee wawili wa kanisa, akina mama watano, vijana, na fundi seremala mmoja ambaye karakana yake iko kando ya barabara ya Ngong, pale vitanda na makochi yanapopangwa hadi karibu na lami. Tulipitia Kawangware na Uthiru, tukashika njia ya Nakuru, Kericho na Kisumu, tukafika jioni tukiwa tumechoka. Hatukwenda hoteli. Tulilala katika kambi ya mabanda ya nyasi inayoendeshwa na wenyeji wenyewe wa ukingo wa msitu, upande wa Isecheno. Jina la kambi hatutalitaja, tusije tukaonekana tunatangaza biashara redioni. Yatosha kusema kwamba kazi ya namna hii si ngeni huko. Tangu miaka ya 1990 vijana waongozaji wa Isecheno walianzisha chama cha elimu ya mazingira kijulikanacho kama KEEP, wakawafundisha watoto wa shule habari za msitu na kuwapokea wageni.

Kwa wale ambao hawajafika, msitu wa Kakamega ni kipande cha mwisho, upande wa mashariki, cha msitu mkuu wa mvua uliotandaa kutoka Kongo. Serikali ya kikoloni iliutenga mwaka 1933, mara tu baada ya watu kumiminika Kakamega kutafuta dhahabu. Eneo lililotengwa lapata kilometa za mraba 240, lakini si lote lenye miti ya asili, kwa maana wapasua mbao walifanya kazi yao humo miaka mingi, na mashamba yakazidi kusogea. Mvua yake hufikia kama milimita 2,000 kwa mwaka. Jirani zetu wa Idara ya Hali ya Hewa, ambao makao yao makuu yako hapa hapa Dagoretti Corner, watawaambia kwamba Nairobi hupata karibu nusu ya hiyo.

Usiku ule hapakuwa na umeme. Palikuwa na kandili, maji ya moto ndani ya ndoo, ugali, kuku wa kienyeji na mboga ya mrenda. Mmoja wetu aliuliza atachaji simu wapi, akaambiwa kwa upole kwamba simu nayo hupumzika. Halafu mvua ikaanza. Wasikilizaji, sisi wa mjini mvua twaijua kwa kelele za mabati na matope ya Kawangware. Mvua ya msituni huanza mbali. Waisikia ikija juu ya majani kama watu wengi wanaotembea pamoja, na hata baada ya kukoma juu, chini bado hudondoka kwa muda mrefu.

Asubuhi tuliongozwa na kijana mwenye macho makali kupita yetu sote. Alituonyesha mbega wakirukaruka, na ndege mkubwa wa buluu mwenye kishungi ambaye hukimbia juu ya matawi kama panya. Alituonyesha pia mti ambao yeye aliuita mwiritsa, na akina mama wetu kutoka Kiambu wakapaza sauti, “Muiri!” Gome lake ni dawa, na Wazungu huitumia kwa maradhi ya wazee wa kiume. Biashara yake kati ya nchi na nchi imewekewa masharti ya kimataifa tangu mwaka 1995, kwa sababu anayebandua gome pande zote huuacha mti ufe umesimama. Tuliuona mmoja wa namna hiyo. Hakuna aliyesema neno.

Kisha tukafika kwenye mti ambao mafundi huuita tiki ya Elgon. Ilitubidi watu wanne kushikana mikono ndipo tukauzunguka. Fundi wetu akaweka kiganja chake juu ya gome, akatazama juu, midomo yake ikawa inacheza. Mwongozaji akamwuliza, “Baba, unaomba?” Fundi, ambaye ni mtu wa kweli, akajibu, “Hapana, kijana wangu. Nahesabu vitanda.”

Tulicheka sana. Lakini fundi alipoanza kusema, kicheko kilikwisha. Alisema kwamba mbao zake nyingi ni za saipresi, za mashamba ya miti ya serikali na ya wakulima, na mteja mwenye fedha akitaka mahogani, hiyo hutoka Kongo, hupitia Uganda kwa malori. Mwongozaji akasema, “Basi Baba, hiyo mahogani ni ndugu wa mti huu. Msitu ulikuwa mmoja.” Fundi akaendelea kusema kwamba serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, Februari 2018, bei ya mbao ilipanda hata vijana wawili aliokuwa amewaajiri wakarudi nyumbani. Marufuku hayo yaliondolewa Julai 2023, na mmoja tu kati yao ndiye aliyerudi kazini. Twataja haya kwa sababu ni rahisi mno kwa mchungaji kusimama mimbarini akamlaumu mwenye msumeno. Mwenye msumeno ana watoto. Naye mwenye kutunza mti ana watoto.

Tulimwuliza mwongozaji jirani zake hula nini ikiwa msitu haukatwi. Alitueleza kwamba akina mama wenye kibali huruhusiwa kuokota kuni zilizokauka. Wengine hulima majani ya dawa. Kikundi kimoja cha wakulima, cha Muliru, wakisaidiana na wanasayansi wa ICIPE, walitoka kuchuma dawa msituni wakaanza kuilima mashambani mwao, wakakamua mafuta na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub, na mwaka 2010 wakapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hata mukombero, ile mizizi wanaume huinunua jioni katika mitaa ya Nairobi na kuitafuna, sasa kuna wanaoipanda, kwa sababu ya porini ilichimbwa mpaka ikaadimika. Na wengine, alisema, hupokea wageni. Mgeni asipokuja, na hasa miezi ya Aprili na Mei mvua inapofunga njia, kijana mwenye njaa hajui kuimba habari za mbega. Akikata mti mmoja usiku akachoma makaa, ana fedha kabla ya Ijumaa.

Sasa turudi kwenye somo letu. Asubuhi ya kuondoka, mama mweka hazina wa kambi alitusomea hesabu: kulala, chakula, mwongozaji, pamoja na ada ya msitu iliyokwisha kulipwa kwa Huduma ya Misitu. Mmoja wa wazee wetu, mtu mwema anayetoa zaka bila kukumbushwa, akasema, “Mama, sisi ni watu wa kanisa. Hatukuja kustarehe. Tupunguzieni theluthi, na Mungu atawabariki.”

Mama yule hakukasirika. Alivuta kiti, akafungua daftari mbele yake. “Mzee wangu, karibu tuhesabu pamoja.” Akamwonyesha majina: mpishi, mlinzi, waongozaji watatu wanaopokezana, yule achotaye maji, kisha fedha za miche inayopelekwa shule za msingi. “Sasa Mzee,” akamwambia, “nionyeshe jina nilifute.”

Mzee alivaa miwani. Aliusoma ukurasa ule wote toka juu mpaka chini, kisha akauliza kama shule huuziwa ile miche. Akaambiwa hapana, hupewa. Basi akalipa yote, akaomba risiti, na njiani hakuzungumza mpaka tulipopita Kericho.

Wapenzi wasikilizaji, twajua desturi hii. Fundi akiezeka kanisa twamwambia ni kazi ya Mungu. Mpiga chapa, mwenye kukodisha hema, mwenye basi, wote huambiwa hivyo, na maana yake ni kwamba apunguze. Jina la Mungu limekuwa kama kuponi. Lakini katika Luka, Bwana aliyewatuma watu wake bila mfuko hakuwafundisha kubishana na wenye nyumba. Aliwafundisha kupokea kilichopo na kukitambua kuwa ni kazi ya mtu. Na kama ujira ni haki ya yule anayehubiri, kwa nini usiwe haki ya yule aliyeamka saa kumi alfajiri kuwasha moto wa maji ya kuoga ya mhubiri?

Tena watu wale hutupa kitu ambacho hatukukiona kwenye hesabu. Mito ya Isiukhu na Yala hupita katika msitu ule ikielekea ziwani, na watu wengi huinywa ambao hawajawahi kulipia hata usiku mmoja pale. Katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 makanisa yetu yaliomba mvua, nasi tuliomba. Ilikuwa vyema kuomba. Lakini anayeomba mvua huku akimnyima ujira mlinzi wa miti, sala yake ina shimo.

Twaikumbuka pia habari ya Sulemani katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya tano. Alipotaka mierezi ya Lebanoni kwa ajili ya hekalu hakumwambia Hiramu kwamba ni kazi ya Bwana, apunguze. Alilipa kila mwaka, vipimo 20,000 vya ngano kwa chakula cha nyumba yake, pamoja na mafuta safi. Hilo alifanya vyema. Hata hivyo, tukisoma mbele kidogo twaona kwamba aliwapeleka watu 30,000 wa shokoa, elfu kumi kwa kila mwezi, na habari ya jasho lao hatuisomi kwa furaha, kwa maana mzigo ule ndio ulioligawanya taifa baada yake. Siku hizi mierezi ya asili ya Lebanoni imebaki vichaka vichache milimani. Hekalu nalo halipo.

Jambo hili lilitufikia nyumbani upesi kuliko tulivyodhani. Kanisa letu lilikuwa limechanga fedha za mabenchi mapya, na kamati ya ujenzi ilikuwa imekwisha kuchagua mahogani, kwa sababu kanisa jirani lina mahogani. Kazi alikuwa amepewa fundi wetu. Jumapili iliyofuata akawaambia kamati kwamba atatengeneza kwa mbao yoyote wanayoitaka, ila mahogani hataweza kuwaambia ilikatwa na nani, wala kama huyo alilipwa. Saipresi yake ilitoka kwa mkulima anayemjua, yenye karatasi za kusafirishia. Kulikuwa na maneno. Mama mmoja alisema saipresi hupata mikwaruzo, na ni kweli. Mwingine akauliza tangu lini seremala akaikataa kazi yenye faida, na fundi akacheka tu. Mzee yule wa miwani ndiye aliyesimama mwisho. Hakueleza mengi. Alisema, “Tununue ya mtu tunayemjua, tumlipe yote.” Ikapita kwa kura mbili. Mabenchi yapo sasa, na mikwaruzo imeanza.

Baadhi yenu mmetuandikia mkiuliza njia. Kutoka Kisumu shukeni Khayega, mpande gari la Shinyalu, na kutoka Shinyalu pikipiki watawafikisha Isecheno. Chukueni viatu vya kufunika, koti la mvua na kurunzi. Mwulizeni mwongozaji kitambulisho chake, mlipe ofisini, mdai risiti. Tena mpigieni mpishi simu siku mbili mbele kumweleza idadi yenu, kwa maana kuku wa kienyeji wa kule hulala juu ya miti, na kuwakamata huchukua muda.