Bei ya Insulini na Nchi Jirani

Mwezi Januari mwaka 1922, mvulana mwenye umri wa miaka 14 alidungwa sindano ya insulini hospitalini Toronto, nchini Kanada, akawa mgonjwa wa kisukari wa kwanza kutibiwa kwa dawa hiyo. Mwaka uliofuata wagunduzi walikiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki ya kuitengeneza kwa dola 1 tu kila mmoja. Nia yao ilikuwa dhahiri: dawa hiyo isigeuzwe mtaji wa watu wachache.

Miaka zaidi ya 100 imepita na nia hiyo haijatimia. Makampuni matatu, ya Marekani, Denmark na Ufaransa, ndiyo yanayotawala sehemu kubwa kabisa ya soko la insulini duniani. Watafiti waliokokotoa gharama za utengenezaji mwaka 2018 walikadiria kwamba insulini ya kawaida ingeweza kupatikana kwa dola 48 hadi 71 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka mzima. Wengi hulipa zaidi ya hapo.

Ziada hiyo hutoka wapi? Kichupa kikishatoka kiwandani hupita mikononi mwa wakala, mfanyabiashara wa jumla na mwenye duka la dawa, na kila mmoja huongeza chake. Dawa yenyewe yataka kuhifadhiwa penye baridi. Tena kuna mabomba ya sindano na vijiti vya kupimia sukari, ambavyo husahauliwa hata pale insulini inapotolewa bure. Zaidi ya hayo, zipo insulini za aina mpya, na kalamu za kujidungia, ambazo ni ghali kuliko kichupa cha kawaida. Zina manufaa yake, lakini wagonjwa wengi wangali wanatibika vizuri kwa insulini ya kawaida, na si haki mgonjwa maskini kuandikiwa ya ghali bila sababu.

Kwamba bei inaweza kushushwa si ndoto. Mwaka 2012 ulianzishwa nchini Kenya mpango uliobana faida ya kila mkono, hata kichupa kikauzwa kwa shilingi 500 katika vituo vilivyoshiriki. Kasoro ya mpango wa namna hiyo ni kwamba hutegemea hisani ya kampuni, na hisani haina mkataba.

Njia iliyo imara zaidi ni kununua kwa pamoja. Nchi za Amerika ya Kusini na Visiwa vya Karibi zina mfuko wa pamoja wa kuagizia dawa. Mwaka 2017 nchi za kusini mwa Afrika ziliikabidhi Bohari ya Dawa ya Tanzania kazi ya kuziratibia ununuzi wa aina hiyo. Tanzania na Kongo zimo katika jumuiya hiyo; Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hazimo, ingawa zote sita ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mnunuzi mdogo aendaye sokoni peke yake hupangiwa bei.

Wakati serikali zikijadiliana, wapo wagonjwa wanaopunguza kipimo ili kichupa kifike mwisho wa mwezi. Jambo hilo ni la hatari kubwa, na kwa mtoto ambaye kongosho lake halitoi insulini kabisa laweza kuleta kifo katika siku chache.