Daftari la Kijiji

Msikilizaji, ukinunua kiwanja kilichopimwa mjini, wakili mwangalifu atakupeleka kwanza kwa Msajili wa Hati. Unalipa ada, upekuzi unafanyika, unajua kiwanja ni cha nani, kama kimewekwa rehani benki, kama kina zuio. Shamba la kijijini je? Tunamuuliza jirani, tunashuhudiwa na balozi, pesa zinatoka.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, ilishalifikiria hilo. Ilikipa kijiji masjala yake ya ardhi. Halmashauri ya kijiji hutoa hati ya hakimiliki ya kimila, mwenyekiti na mtendaji husaini, kisha husajiliwa wilayani. Nakala ni tatu: moja ya mwenye shamba, moja ya kijiji, moja ya wilaya. Yako ikiungua, mbili zipo. Wilaya ya Mbozi ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuujaribu utaratibu huu, na MKURABITA, mpango wa serikali wa kurasimisha mali za wanyonge, umesaidia vijiji vingi kupata hati na masjala.

Siku ya kukabidhi hati anakuja mkuu wa wilaya, ngoma zinalia, na sisi wa redio tupo na vinasa sauti vyetu. Ila mzee akifariki na watoto wakagawana shamba, nani anakwenda kuandikisha? Ekari mbili zikiuzwa? Hati ikiwekwa dhamana SACCOS na mkopo ukalipwa wote, nani anahakikisha rehani imefutwa? Mara nyingi, hakuna. Daftari la masjala linabaki na jina la marehemu, mikononi mwa mtendaji aliyehamia juzi, asiyemjua marehemu wala wanawe. Mjane ndiye anayeumia zaidi: shemeji akitaka kuuza, jina lake yeye haliko popote.

Baraza la ardhi la kijiji linajikuta na watu wawili, kila mmoja na karatasi yake.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, na mtendaji husoma mapato na matumizi. Asome na daftari la ardhi: nani kauza, nani karithi, rehani ipi imefutwa. Haihitaji mfadhili wala kompyuta. Na wewe unayekwenda kununua shamba wiki hii, kabla hujatoa hata malipo ya awali, mwombe mtendaji afungue kabati akuonyeshe daftari.