Kinyonga safarini: jinsi ya kumfunga mtambaazi akafika salama

Makala yetu ya leo inahusu watambaazi wanaofugwa majumbani, yaani vinyonga, mijusi, nyoka na kobe, na namna wanavyopaswa kufungwa na kusafirishwa wakiwa hai. Huenda baadhi yenu mkashangaa, kwani kwetu Afrika ya Mashariki mjusi hufukuzwa ukutani kwa ufagio, na kinyonga ni kiumbe ambacho watu wengi hukikwepa njiani. Lakini katika miji ya ughaibuni watoto wetu huwaona wanyama hawa wakiuzwa madukani, huwapenda na huwafuga. Kisha baba hupata kazi katika jimbo jingine, familia inahama, na mtoto anauliza: je, kinyonga wangu atasafirije?

Ili tuelewe uzito wa swali hilo, na tuurejee mwaka 1972. Mwaka huo, mwenye duka moja la wanyama katika kisiwa cha Oahu, huko Hawaii, alipokea vinyonga kutoka Kenya, wale wa nyanda za juu ambao dume lake huwa na pembe tatu usoni. Walifika wamekonda na kukaukiwa na maji mwilini. Kwa kuwahurumia, aliwaachia katika bustani yake ili wapate nafuu. Nafuu waliipata, na wakatawanyika mitini. Kinyonga wa aina hii hatagi mayai. Huzaa watoto walio hai, tena wengi kwa mkupuo mmoja. Hivi leo wazao wao wametapakaa katika visiwa kadhaa vya Hawaii, wanakula wadudu na konokono wa asili ambao hawapatikani kwingineko duniani, na sheria za huko zinakataza kuwahamisha kutoka kisiwa kimoja hadi kingine.

Basi tazameni jinsi safari moja iliyowadhoofisha abiria wake ilivyoacha athari kwa zaidi ya nusu karne.

Jambo la kwanza la kulielewa ni maumbile ya mnyama mwenyewe. Mbwa au paka hutengeneza joto lake mwilini, na akiteseka hulia. Mtambaazi hana uwezo huo wa kujipasha joto. Akiwa porini, husogea juani anapohisi baridi na kivulini anapohisi joto. Ukishamfunga ndani ya boksi, umemnyang'anya jua na kivuli vyote viwili, na kuanzia hapo boksi ndilo hali yake ya hewa. Aidha, huteseka kimya kimya. Mpakiaji wa mizigo hatasikia kilio chochote, na boksi lenye mnyama anayekufa halitofautiani kwa nje na boksi lenye viatu. Kila kanuni nitakayoitaja hapa inatokana na mambo hayo mawili.

Maandalizi huanza siku kadhaa kabla ya safari. Mnyama mgonjwa, aliyekonda, anayejichuna gamba au jike mwenye mimba asisafirishwe. Nyoka aachwe bila chakula kwa muda wa siku tano hadi saba, na mijusi midogo kwa siku moja au mbili. Msidhani huu ni ukatili. Watambaazi husaga chakula kwa msaada wa joto la nje. Joto likipungua njiani, chakula kinaweza kumwozea tumboni au akakitapika ndani ya mfuko. Maji, kinyume chake, apewe kwa wingi hadi saa za mwisho. Mpime uzito na uuandike, ili atakayempokea ajue amepoteza kiasi gani.

Pili ni chombo cha ndani. Kila mnyama awe peke yake. Vinyonga hasa hawavumiliani, na kumwona tu mwenzake kwa karibu humtia kinyonga fadhaa. Nyoka hutiwa katika mfuko wa kitambaa kinachopitisha hewa, mfano wa foronya, uliogeuzwa ili nyuzi za mishono zibaki nje zisije zikamnasa, kisha ukafungwa fundo mdomoni. Mjusi mdogo hutiwa katika kopo jepesi la plastiki lenye matundu, yaliyotobolewa kutoka ndani kwenda nje ili kingo zake kali zisimkwaruze. Chini hutandikwa karatasi laini ya jikoni yenye unyevu kidogo tu. Kinyonga naye anahitaji kitu cha kushikilia, kwa sababu nyayo zake zimeumbwa kwa ajili ya matawi. Kijiti kilichokazwa imara au karatasi iliyokunjwakunjwa humtosha. Bakuli la maji lisiwekwe kamwe, kwani litamwagika na kumlowesha, na mnyama aliyelowa hupoa upesi.

Tatu ni boksi la nje. Liwe katoni mpya na ngumu, iliyozungushiwa ndani, pande zote sita, vipande vya stairofomu, lile povu gumu jeupe linalofungiwa televisheni mpya. Povu hilo halileti joto wala baridi. Kazi yake ni kuchelewesha mabadiliko, ili boksi likikaa nusu saa juani uwanjani, ndani yake pasibadilike ghafla. Nafasi zote zijazwe magazeti yaliyokunjwa, hata ukilitikisa boksi kidogo pasisikike kitu kugonga. Matundu machache ya hewa yawepo ubavuni, si juu ambako boksi jingine litawekwa.

Nne ni joto lenyewe, na hapa ndipo nia njema inapoua. Zipo pakiti ndogo za kupasha joto ambazo ndani yake mna unga wa chuma. Hewa ikiingia, chuma hushika kutu haraka, na kutu hiyo huzaa joto kwa saa nyingi. Watu wengi humbandikia mnyama pakiti hii tumboni wakidhani wanamfanyia hisani. Mtambaazi anaweza kuungua pasipo kuondoka mahali alipo, na ndani ya boksi hana pa kukimbilia. Pakiti ibandikwe upande wa ndani wa kifuniko, imefunikwa na karatasi, mbali na mnyama, na itumike tu iwapo njia nzima ina baridi. Kumbukeni pia kwamba kutu hiyo hula oksijeni ile ile anayoivuta mnyama. Boksi lisilo na tundu huzima pakiti na abiria kwa pamoja.

Kwa watambaazi wengi wa kufugwa, joto la ndani ya boksi kati ya digrii 20 na 27 za Selsiasi linafaa. Vinyonga wa milimani hupenda ubaridi zaidi, na joto linalopita digrii 30 ni hatari kwao. Hivyo basi anayeishi Minneapolis atazame theluji ya Januari, na anayeishi Muscat atazame joto la Juni linalopita digrii 40, na wote wawili wawe tayari kuahirisha safari. Hakuna boksi linaloweza kushindana na majira mabaya.

Tano ni njia na siku. Chagueni njia fupi kabisa, inayomfikisha mnyama kesho yake asubuhi. Mtumeni mwanzoni mwa wiki, Jumatatu hadi Jumatano, kwa sababu kifurushi cha Ijumaa kinaweza kulala ghalani hadi Jumatatu. Ni bora mpokeaji akachukue mwenyewe kituoni kuliko boksi kuachwa mlangoni juani. Kwa ndege, nafasi ya wanyama hai hukatwa mapema, na rubani hupaswa kuarifiwa, maana si kila sehemu ya mizigo hupata hewa na joto la kufaa. Boksi lenye mnyama lisiwekwe karibu na barafu kavu, kwani barafu hiyo hugeuka kuwa gesi ya kaboni na inaweza kumkosesha pumzi.

Juu ya boksi iandikwe wazi kwamba ndani mna mnyama hai, upande upi ni juu, jina na idadi ya wanyama, pamoja na majina na anwani za mtumaji na mpokeaji. Huko Marekani maelezo hayo ni takwa la sheria. Wapo wanaoficha kilichomo kwa kuogopa kukataliwa. Kufanya hivyo ni kumdanganya mchukuzi na kumnyima mnyama ulinzi wake pekee, kwa sababu mtu hawezi kulishika kwa uangalifu boksi asilojua lina nini.

Masharti nayo hutofautiana kutoka nchi hadi nchi. Posta ya Marekani hupokea vinyonga na mijusi wadogo wasio na madhara kwa safari za ndani ya nchi, lakini haipokei nyoka wala kobe. Posta ya Uingereza haipokei mtambaazi yeyote aliye hai. Huko hutumika wachukuzi maalumu wa wanyama. Mashirika ya ndege yana kanuni za pamoja za kusafirisha wanyama hai, zinazotolewa na shirika lao la kimataifa, IATA, na zinaeleza aina ya sanduku kwa kila kundi la wanyama.

Hatimaye mpokeaji. Alifungue boksi katika chumba tulivu, amkague mnyama, ampime uzito na kumpa maji kabla ya chakula. Kinyonga hafahamu bakuli. Yeye hunywa matone yanayong'aa juu ya majani, hivyo arushiwe maji kama umande. Mnyama aliyepoa apashwe joto taratibu, wala asiwekwe ghafla chini ya taa kali. Na kila aliyemshika anawe mikono kwa sabuni, kwani watambaazi wenye afya njema huweza kubeba vijidudu vya salmonela.

Wapenzi wasikilizaji, hayo yote yanamhusu mnyama aliyezaliwa katika ufugaji na anayemilikiwa kihalali. Sasa nigusie lile linalotuhusu sisi zaidi. Misitu ya nyumbani ina vinyonga wasiopatikana kwingine, na mwaka 2006 wanasayansi walipowapa baadhi yao jina jipya la jenasi, walichagua neno la Kiswahili: Kinyongia. Baadhi yao huishi katika milima ya Usambara tu. Hao, pamoja na vinyonga wenye pembe tatu, wamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, uliotiwa saini mjini Washington mwaka 1973, na hawavuki mpaka bila kibali. Kobe bapa wa miambani, wanaopatikana hasa Kenya na Tanzania, mwaka 2019 walipandishwa hadi orodha ya kwanza, inayokataza biashara ya kimataifa ya wanyama waliokamatwa porini. Tanzania yenyewe mwaka 2016 ilipiga marufuku kusafirisha nje wanyamapori walio hai. Mwezi Juni 2022 ilitangazwa ruhusa ya muda kwa wafanyabiashara waliobakiwa na wanyama, lakini ikasitishwa mara moja.

Kwa hiyo ndugu akienda likizo, tusimwagize kinyonga wala kobe kama tunavyoagiza dagaa au kanga. Hakuna ufundi wa kufunga unaohalalisha mzigo huo. Mwezi Machi 2019, katika uwanja wa ndege wa Manila, maofisa wa forodha walikuta kobe zaidi ya 1,500 ndani ya mabegi ya abiria, wamezungushiwa utepe wa gundi wasiweze kusogeza miguu. Nao pia walikuwa wamefungwa, na aliyewafunga bila shaka alijiona hodari.

Kipimo cha kazi nzuri, basi, ni chepesi kukieleza. Mwenye boksi awe tayari kuandika juu yake kila kilichomo ndani, aweze kuonyesha karatasi za kila mnyama, na akubali kungoja mwezi mzima hali ya hewa iwe nzuri. Mtoto anayeuliza kuhusu kinyonga wake ajibiwe hivyo hivyo, hata kama jibu ni kwamba kinyonga abaki kwa jirani hadi majira ya kuchipua.