MADA YA TAWI: AKIONDOKA KIONGOZI WA VITA, SERA NAZO ZINAONDOKA?



Mada hii tuliisoma kwenye mkutano wa Jumapili. Wengi wenu mlikuwa zamu maduarani, na swali lenyewe lilizaliwa humu kwenye kundi, kwa hiyo tunaileta kama ilivyosomwa. Wenye simu janja wawasomee wasiokuwa nazo.

Mwanachama mmoja aliuliza: Congo wakimbadili rais, vita vya mashariki si vitakwisha? Wengi mliunga mkono. Sisi tunasema kwanza tuangalie vita hivyo vimeshikwa na nani.

Tuanze na vita vilivyopiganwa hapa jirani. Tarehe 1 Novemba 1978 Idi Amin alitangaza kuwa ardhi yetu ya kaskazini mwa mto Kagera ni ya Uganda. Dai lile lilikuwa lake. Jeshi letu lilipoingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, dai likafa. Lule, aliyeapishwa siku mbili baadaye, hakuwa na haja nalo. Hapo kubadili mtu kulibadili sera, tena palepale.

Lakini raia wa Uganda walipumzika? Lule alikaa siku 68 tu. Akaja Binaisa. Mei 1980 Binaisa alijaribu kumwondoa Oyite-Ojok, mnadhimu wa jeshi, na aliyeondoka ni Binaisa mwenyewe. Askari wetu walikuwa bado nchini humo. *Tusome hapo mara mbili:* rais alikuwa na kiti, bunduki zilikuwa na wengine. Ikaja Tume ya Kijeshi ya Muwanga, kisha Obote kwa uchaguzi wa Desemba 1980 uliolalamikiwa, na Luwero wakafa maelfu. Okello akaingia Julai 1985, Museveni Januari 1986. Kwa miaka 7 isiyotimia kiti kilibadilishwa mara sita, na kwa mwananchi wa kijijini mwenye gwanda alibaki yuleyule.

Na kwetu? Watu husema Mwinyi ndiye aliyefungua maduka baada ya Mwalimu kung'atuka 1985. Ni kweli nusu. Vita vilikausha hazina, mafuta yakapanda bei, na bajeti ya 1984/85 ilikwisha kushusha shilingi na kuruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, Mwalimu akiwa bado Ikulu. Makubaliano na IMF yalifuata 1986, naye bado ni Mwenyekiti wa chama hadi 1990. Sisi wa vitabu vya hesabu tunaona daftari lilianza kugeuka kabla ya mtu.

Sasa Congo. Laurent Kabila aliuawa Januari 2001, mwanawe Joseph akashika. Mazungumzo yaliyokwama yakafufuka, na Julai 2002 huko Pretoria Rwanda ikasaini kuondoa majeshi yake. Basi aliyeuliza ana hoja. Ila Tshisekedi naye alipokea nchi 2019, na Januari 2025 M23 wakaichukua Goma. Kule mashariki bunduki na madini vina wenyewe wengi, na hawapigiwi kura Kinshasa.

Tunalisema hili wakati mezani tuna barua ya wanachama wanaotaka mwenyekiti wa tawi aondolewe. Ni haki yao, na itajadiliwa. Sekretarieti inaongeza hoja moja ipigiwe kura siku hiyohiyo: fedha za tawi zitolewe kwa saini tatu, na kitabu cha stakabadhi kikae ofisini, kisitembee mfukoni mwa mtu yeyote, katibu akiwemo. Hoja ya kwanza ikipita peke yake, mwenyekiti mpya atakabidhiwa mfuko uleule.

Mkutano ni Jumamosi saa 9 alasiri, ofisi ya tawi. Njooni na kadi. Wanaodaiwa ada watalipia mlangoni na kupewa risiti.

Katibu wa Tawi