Zamu ya Saa Tisa Usiku



Ndugu yangu, dada yangu, najua tumbo ni tupu na magharibi bado iko mbali, kwa hivyo sitarefusha. Nataka nikupandishe mlimani kidogo, kisha tushuke pamoja.

Kule Marekani, jimbo la New Hampshire, kuna mlima unaitwa Mount Washington. Si mrefu hivyo, mita 1,917 tu; Mlima Kenya wetu unaupita zaidi ya mara mbili. Lakini upepo wake usiuulize! Tangu mwaka 1932 kileleni kuna kituo cha hali ya hewa, na wafanyakazi wanaishi humo humo. Zamu ni siku nane. Jumatano kundi moja hupanda, jingine hushuka. Kila saa, usiku na mchana, mmoja wao hutoka nje kupima joto na kutazama mawingu. Barafu ikishika vyombo, mtu hupanda mnarani na mtaimbo kuibomoa. Na wako wa kujitolea ambao kazi yao ni kuwapikia wenzao.

Usiku wa kuamkia Aprili 12, 1934, mmoja wao, Wendell Stephenson, aliona kipimo cha upepo kinasoma kidogo kuliko kishindo anachokisikia. Angeweza kuandika ile nambari akarudi kulala. Nani angejua? Alichukua rungu, akatoka. Upepo ukamwangusha. Akainuka, akapanda ngazi, akaigonga barafu mpaka ikatoka. Mchana wake wakapima kilomita 372 kwa saa, rekodi ya dunia mpaka kimbunga Olivia kilipoipita mwaka 1996 kule Australia.

Sasa nikwambie yangu, na naona haya.

Mwaka wa kwanza chuoni tulikuwa kikundi cha watu wanne. Kazi: kusoma kipima joto na kipima mvua kila baada ya saa tatu, wiki nzima. Saa tisa usiku ilikuwa zamu yangu. Usiku wa nne kulinyesha, na blanketi lilikuwa tamu. Nikaandika kutoka kichwani: mvua milimita 2. Mwenzangu wa saa kumi na mbili akakuta milimita 19, na mvua yenyewe ilikatika saa nane. Hakunitangaza. Aliniuliza tu, "Ulitoka kweli?" Nikamjibu, "Nilitoka." Hapo makosa yakawa mawili.

Siku mbili sikuweza kumtazama usoni. Mwishowe nikawaambia wote watatu. Tukafuta kila kitu, tukaanza wiki upya. Wao hawakuwa na kosa lolote, lakini walirudi kuamka usiku kwa sababu yangu. Hilo ndilo lililoniuma, si alama za mwalimu.

Ndugu msomaji, uzembe wa mmoja haukai kwake peke yake. Nambari moja ya uongo huitia shaka kazi ya wenzako wote. Na wewe mwezi huu umejifunza kukaa chumbani peke yako, maji yapo, mlango umefungwa, na hunywi. Basi uaminifu huo huo upeleke kwenye zamu yako: ukiandikiwa kupanga futari msikitini, kuosha sufuria, au kuamsha nyumba daku, usiseme "wengine wapo." Huenda na wao wanasema hivyo hivyo.

Zamu ikifika, toka.

Wabillahi tawfiq.