Vita Vilivyopiganwa Ghalani



Mwaka jana, katika kongamano la wanahistoria, mwenzangu mmoja ninayemheshimu alisimama akasema mapambano ya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani hayakuwa vita. Ulikuwa uasi, alisema, kwa kuwa vita ni pambano la majeshi na upande mmoja haukuwa na jeshi. Watu wengi ukumbini wakatikisa vichwa kukubali. Siku ile nilinyamaza kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Leo muda ninao.

Mgawanyo wa aina za vita mnaujua: vya dola kwa dola, vya wenyewe kwa wenyewe, vya msituni, vita baridi. Clausewitz mmemsoma tangu mwaka wa kwanza, simrudii. Nauliza jambo moja tu: anayechora mipaka hiyo anatazama nini? Karibu wote wanamtazama mpiganaji. Callwell, ofisa wa jeshi la Uingereza, alichapisha kitabu mwaka 1896 akaziita "vita vidogo" kampeni zote ambazo upande mmoja haukuwa na jeshi la kawaida. Idadi ya waliokufa haikuhusika kabisa. Vita vilikuwa vidogo kwa sababu ya aliyepigwa. Gavana wa Kijerumani von Götzen naye, alipoandika kitabu chake kuhusu Maji Maji kilichotoka mwaka 1909, aliweka kwenye jina lake neno la Kijerumani lenye maana ya uasi. Ukishasema uasi umekwisha kukubali kwamba mtawala alikuwa na haki ya kutawala, na kilichobaki ni adhabu. Mwenzangu analirudia neno la gavana huku akiliona ni neno la taaluma.

Haya, tumpime kwa mizani yake mwenyewe. Kanuni za Hague za mwaka 1899 zilimtaka mpiganaji awe na kiongozi anayewajibika, awe na alama ya kumtambulisha, achukue silaha waziwazi na afuate desturi za vita. Sasa fungueni kumbukumbu za Maji Maji zilizotolewa mwaka 1968 na Gwassa na Iliffe. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijapata chanzo kinachonisimamisha kama hiki, kwa sababu ndani yake wazee wanaeleza vita kwa istilahi zao. Lipo neno njwiywila, habari ya siri iliyotembea kwa mnong'ono kutoka mtu hadi mtu. Yapo mazoezi ya kivita kwa Kinjikitile Ngwale, mganga aliyegawa dawa ya maji, kule Ngarambe. Na ipo Nandete, Umatumbi, mwishoni mwa Julai 1905.

Hapo naomba tutue. Wamatumbi walipochoka kungoja amri ya Kinjikitile, hawakuanza na mtu. Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waliingia shamba la pamba wakang'oa miche. Pamba hiyo ndiyo iliyolimwa kwa kulazimishwa, na kuing'oa kulikuwa kutangaza vita. Mnaotafuta hati ya kutangaza vita yenye muhuri, hati ndiyo hiyo: mche uliong'olewa, mizizi juu. Serikali iliielewa vizuri sana. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti.

Kwa mapigano makubwa hamna haja nami. Mnaijua Mahenge ya tarehe 30 Agosti, watu walivyoliendea boma wakapigwa kwa bombomu. Vitabu vya shule vinaishia karibu na hapo, na hapo ndipo aina ya vita ilipobadilika. Kapteni Wangenheim wa jeshi la Wajerumani aliandika mwaka huohuo kwamba mapigano peke yake hayatatosha. Njaa ndiyo itakayowaleta watu kwenye utii. Vikosi vikachoma vijiji, vikachukua nafaka, vikaharibu mashamba. Vita vilivyoanza kwa kung'oa mmea wa mtawala vikamaliziwa kwa kuteketeza mimea ya mtawaliwa.

Taarifa ya serikali ya Kijerumani ilitaja vifo 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa na maradhi. Singer na Small, wataalamu wa Marekani, waliweka kiwango cha vifo 1,000 vya vitani ili pambano liitwe vita. Kwa hesabu hiyo mama aliyekufa Ungindo akitafuta mizizi porini hahesabiki. Aliyemuua anaitwa mshindi, na yeye haitwi chochote.

Bibi yangu, aliyezaliwa Umatumbi baada ya vita hivyo, hakuweka mbegu mahali pamoja hata mara moja. Masuke ya mtama aliyaning'iniza juu ya mafiga, meusi kwa moshi. Mengine aliyatia kwenye chungu, akakifukia nyuma ya nyumba. Nilipomuuliza sababu, nikiwa na miaka kama tisa, alijibu, "Mjukuu wangu, wakija watachoma nyumba tu." Wakati ule nchi ilikuwa huru, na hakuna aliyekuwa anakuja.

Nakiri kigezo changu kina ugumu wake. Majeshi yamezingira miji na kuinyima chakula tangu zamani, na anayetaka anaweza kuniambia kwamba basi kila vita ni vita vya njaa. Nimeipima hoja hiyo kwa miaka mingi. Bado nasema aina ya vita iamuliwe kwanza na kinachopigwa, ndipo tuulize nani alipiga na kwa silaha gani. Kwa kipimo hicho Maji Maji ni vita viwili: vya kwanza vilipiganwa bomani, vya pili vilipiganwa ghalani, na hivyo vya pili ndivyo vilivyoua zaidi.

Kila tarehe 27 Februari mji wa Songea huwakumbuka Nduna Songea Mbano na wenzake walionyongwa mwaka 1906. Nawaomba waandaaji, na nawaomba ninyi wanafunzi mtakaokwenda, katika maadhimisho yajayo wasomewe dua pia waliokufa kwa njaa, na watajwe kuwa wamekufa vitani.